Bangi, Maumivu na Udongo wa Likasi



Nimeombwa nizungumze juu ya utafiti wa kisayansi kuhusu bangi kama dawa. Nitaanza na mgonjwa, kisha nitaufikia mmea. Mtoto mwenye SS, ugonjwa ambao wenzetu wa Tanzania huuita selimundu, anaposhikwa na maumivu, nyumba nzima haifumbi macho. Chembe nyekundu za damu yake hujipinda mfano wa mundu, hushikana, huziba mishipa midogo, na mfupa unaokosa hewa huuma kuliko mfupa uliovunjika. Hospitali zenye uwezo huyatuliza maumivu hayo kwa mofini. Kwetu hapa Likasi mara nyingi kuna parasetamoli, serumu na sala. Usiku kama huo ndipo jirani hunong'ona kwamba moshi wa bangi, au chai ya majani yake, utamlaza mtoto. Mzazi anayeuliza kama neno hilo ni kweli hana hatia yoyote. Anastahili kujibiwa kwa ushahidi, na kumfukuza kwa ukali ni kumrudisha kwa jirani.

Jibu langu ni hili. Ndani ya bangi mna dawa, na kwa magonjwa machache jambo hilo limethibitishwa. Lakini kilichothibitishwa hakifanani na kile kinachouzwa kwa kificho mitaani. Na ipo sehemu ya utafiti ambayo hakuna atakayetufanyia, kwa kuwa inaanzia katika udongo wetu.

Mmea wenyewe si mgeni katika nchi hii. Ulitoka Asia, ukavuka bahari hadi pwani ya mashariki, ukaingia bara pamoja na misafara. Wengi wenu mna babu waliotoka Kasai kuja kufanya kazi katika kampuni ya madini ya Union Minière, na huenda mmesikia habari za Bena Diamba. Huko kwa Bena Lulua, katika karne ya 19, Kalamba Mukenge aliongoza vuguvugu ambalo uvutaji wa bangi kwa pamoja ulikuwa ibada yake ya urafiki. Wajerumani Paul Pogge na Hermann Wissmann walifika kwake mwaka 1881, na Wissmann aliandika kwamba silaha zilikatazwa kijijini, na mtu mwenye kosa aliadhibiwa kwa kuvutishwa diamba, yaani bangi, mpaka azimie. Zingatieni adhabu hiyo. Watu wale waliutukuza mmea, na bado walijua kwamba ukizidi unaangusha mtu. Mwaka 1903 serikali ya Mfalme Leopold II ilipiga marufuku kulima, kuuza na kumiliki bangi ya kuvuta. Marufuku ilikuja kabla ya uchunguzi wowote ninaoujua wa mmea huo hapa Kongo kama dawa, na kwa zaidi ya miaka 100 wenye habari zake wamekuwa polisi na mahakimu.

Uchunguzi ulifanyika kwingine. Mnamo 1839 mganga wa Ireland, William O'Shaughnessy, aliyekuwa Calcutta nchini India, alieleza jinsi alivyowapa wagonjwa wa pepopunda na baridi yabisi mchanganyiko wa bangi, na jinsi ulivyotuliza degedege la mtoto mchanga. Waganga wa Ulaya na Marekani waliipokea kwa shauku, na maduka ya dawa yakaiuza kwa miongo mingi. Kilichoishusha ni ukosefu wa kipimo. Chupa moja ilikuwa kali, ya pili ilikuwa dhaifu kama maji, na mganga hakuwa na njia ya kujua ipi ni ipi. Mofini ilipoanza kudungwa kwa sindano, na asipirini ikaja ikiwa vidonge vyenye uzito unaojulikana, bangi ikaachwa. Suala hilo la kipimo nitalirudia, kwa maana ndilo shina la mhadhara huu.

Ilichukua muda mrefu kujua kilichomo. Mwaka 1940 Roger Adams, mkemia wa Chuo Kikuu cha Illinois, alitenga kanabidioli, ambayo siku hizi huitwa CBD. Mwaka 1964 Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni, nchini Israeli, walitenga THC na kuonyesha muundo wake. THC ndiyo inayolewesha. CBD hailewesh­i. Mechoulam alipata malighafi yake kwa polisi: kilo tano za hashishi iliyokamatwa ikivushwa kutoka Lebanoni, akaibeba ndani ya basi mpaka maabara. Baadaye iligundulika kwamba yeye na polisi walikuwa wamevunja sheria pamoja, akaenda Wizara ya Afya kuomba radhi, na tangu hapo akapewa kwa kibali. Nawapa habari hii kwa sababu ina mbegu ya jambo tunaloweza kulifanya hapa.

Kisha ukaja ugunduzi mkubwa zaidi. Mwaka 1988 Allyn Howlett na William Devane, Marekani, walionyesha kwamba ubongo una vipokezi ambavyo THC hujishika navyo. Hapo likazuka swali: mwili ungewekaje mlango kwa ajili ya mmea? Mwaka 1992 kundi la Mechoulam, Devane akiwamo, lilileta jibu. Mwili hutengeneza kemikali yake yenyewe inayoingia katika mlango huo, nao wakaiita anandamidi. Mfumo huo unagusa maumivu, hamu ya kula, usingizi, kumbukumbu na woga. Ndiyo maana bangi inagusa mambo mengi mno kwa pamoja, na ndiyo maana ni vigumu kuifanya dawa: ukitaka itulize maumivu, inakwenda pia kwenye kumbukumbu.

Sasa tuyatazame magonjwa. Kwa kifafa ushahidi ni imara kuliko mahali pengine popote. Mwaka 1980 watafiti wa Brazili, Elisaldo Carlini miongoni mwao, wakishirikiana na Mechoulam, waliwapa CBD watu wanane ambao dawa za kawaida zilikuwa zimewashinda. Wanne karibu waponywe kabisa kuanguka, na watatu wakapata nafuu. Katika wenzao waliopewa kidonge kitupu, mmoja tu alipata nafuu. Matokeo hayo yalilala karibu miaka 40. Mwaka 2017 Orrin Devinsky na wenzake walichapisha jaribio la watoto 120 wenye ugonjwa wa Dravet, kifafa kibaya kinachotokana na jeni. Waliopewa CBD, idadi yao ya kati ya kuanguka ilishuka kutoka mara 12.4 kwa mwezi hadi 5.9. Kwa waliopewa dawa tupu ilibaki karibu palepale, 14.9 hadi 14.1. Mwaka uliofuata Marekani iliiruhusu dawa hiyo rasmi.

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, hasa wazazi. Watoto wale walipewa miligramu 20 za CBD kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtoto wa kilo 20 hunywa miligramu 400, kila siku, ya mafuta yaliyosafishwa, huku damu yake ikipimwa kuona kama ini linaumia, maana kwa baadhi yao liliumia, hasa waliokuwa wakitumia valproati. Bangi inayolimwa kwa ajili ya kuvutwa huwa na THC nyingi na CBD kidogo sana. Mkimchemshia mtoto majani hayo, mtampa ulevi wote na karibu hamtampa dawa. Na kwa mtoto wa Likasi mwenye kifafa cha kawaida, fenobarbitali ipo, bei yake ni ndogo, na inazuia kuanguka kwa wagonjwa wengi wakiimeza bila kuruka siku. Inaniuma kuona familia ikiuza kitanda kutafuta mafuta ya ajabu kutoka ng'ambo, hali mtoto hajawahi kumaliza miezi mitatu ya fenobarbitali.

Kwa SS, ambako nilianzia, mambo ni magumu zaidi, nami nitakaa hapo. Léon Tshilolo wa Hospitali ya Monkole, Kinshasa, pamoja na wenzake, walipima watoto wachanga 31,204, wakatoa matokeo mwaka 2009. Asilimia 1.4 walikuwa na ugonjwa wenyewe, na asilimia 16.9 walibeba nusu ya urithi wake. Gawanyeni hesabu hiyo: karibu mtoto mmoja kwa kila 70. Hakuna mtaa usiokuwa na nyumba ya namna hiyo.

Je, bangi inapunguza maumivu yao? Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Kalpna Gupta na kundi lake walichunguza panya waliobebeshwa ugonjwa huu, na dawa za jamii ya THC zikawapunguzia maumivu. Kwa panya, ndiyo. Ndipo Donald Abrams wa San Francisco akalileta swali kwa watu. Wagonjwa 23 wenye maumivu ya kudumu walilazwa hospitalini mara mbili. Safari moja walivuta mvuke wa bangi yenye kiasi kinachokaribiana cha THC na CBD, safari nyingine mvuke wa majani yaliyoondolewa vitu hivyo, bila kuambiwa ni upi. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Maumivu yalishuka kidogo, lakini tofauti haikutosha kusema kwa hakika kwamba si bahati tu. Kilichobadilika waziwazi ni kwamba maumivu yaliwasumbua nyoyo kidogo kuliko kabla. Wagonjwa walikuwa wachache, siku zilikuwa chache, na Abrams hakuufunga mlango. Ila anayewaambia kwamba bangi imethibitishwa kutibu maumivu ya SS anawapa habari ambayo haipo.

Wakati huohuo kuna dawa nyingine, na hii imejaribiwa kwa watoto wetu. Ni haidroksiurea. Jaribio lilifanyika Kinshasa, Kilifi huko Kenya, Mbale huko Uganda, na Luanda. Watoto 606 walitibiwa, na Tshilolo ndiye aliyetangulizwa katika majina ya waandishi mwaka 2019. Vipindi vya maumivu vilipungua kutoka 98.3 hadi 44.6 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Malaria ilipungua karibu nusu. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1. Kwa uaminifu niseme kwamba watoto wote walipewa dawa, na walilinganishwa na hali yao wenyewe kabla ya kuanza, kwa hiyo si jaribio la aina iliyo imara kuliko zote. Hata hivyo, nikiweka ushahidi huu kando ya ule wa bangi, sina shaka ni mlango upi mzazi wa Likasi aubishe kwanza. Redio zetu hutangaza bangi ya Canada mara nyingi kuliko zinavyotaja haidroksiurea ya Kinshasa.

Kwa magonjwa mengine nitapita upesi. THC ya kutengenezwa imeruhusiwa Marekani tangu 1985 kwa kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani wanaotibiwa kwa kemikali. Dawa ya kupulizia mdomoni yenye THC na CBD imeruhusiwa Uingereza tangu 2010 kwa misuli inayokakamaa katika ugonjwa wa sklerosisi. Kwa maumivu ya muda mrefu, jopo la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani lilisema mwaka 2017 kwamba ushahidi ni wa kutosha kwa watu wazima. Miaka minne baadaye chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilikataa kuipendekeza bangi. Wanasayansi wamegawanyika, na anayewauzia uhakika hauzi sayansi. Kuhusu kuponya saratani yenyewe, hakuna jaribio la binadamu lililoonyesha hivyo.

Na madhara yapo. Utafiti ulioongozwa na Marta Di Forti, uliochapishwa 2019 kutoka miji ya Ulaya na Brazili, ulikuta kwamba wanaovuta bangi kila siku wana uwezekano mara tatu zaidi wa kupatwa na kichaa cha mara ya kwanza, na wanaovuta kila siku ile iliyo kali sana karibu mara tano. Vijana wanaovuta ili wapate ujasiri wa kushuka katika mashimo ya kobalti wanacheza na hatari mbili kwa pamoja: ile ya ardhi juu yao na ile ya akili zao.

Sasa tuje kwenye udongo. Ninyi watu wa Katanga mnajua bila kufundishwa kwamba mimea hunywa madini. Mbele ya kilima cha shaba msitu husimama, majani mafupi huanza, na ua la shaba huchanua. Watafutaji wa madini walifuata maua hayo. Ipo mimea ya huku, ya jamii ya Haumaniastrum, inayohimili kobalti na shaba ambayo ingeua mahindi. Na wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima bustani zetu na kuzikuta metali hizo katika mboga tunazokula na bukari (ugali).

Bangi ni mnywaji hodari. Ndugu yake wa nyuzi, katani ya Ulaya, amejaribiwa kama mmea wa kusafisha ardhi iliyochafuliwa, hata katika eneo la Chernobyl. Utafiti wa Ujerumani wa 2002 juu ya udongo wenye metali nzito ulikuta kwamba sehemu iliyobeba metali nyingi kuliko zote ni majani, na majani ndiyo yanayochemshwa na kuvutwa. Mwaka 2023 Katlyn McGraw na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walitazama damu ya Wamarekani zaidi ya 7,000. Waliotumia bangi bila sigara walikuwa na risasi zaidi kwa asilimia 27 na kadimiamu zaidi kwa asilimia 22 kuliko wasiotumia kitu. Wengi wao wanaishi mbali na viwanda vya shaba. Hapa Katanga, Célestin Banza wa Lubumbashi na Benoit Nemery wa Leuven walionyesha mwaka 2009 kwamba mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda una kobalti kwa viwango ambavyo ni nadra kuonekana kwingine duniani. Mtoto wa SS wa mji huu amekwisha kubeba mzigo wa vumbi. Bangi iliyooteshwa kando ya lundo la taka za kiwanda inaweza kumwongezea risasi na kadimiamu, na hata nafuu ndogo iliyoonekana katika jaribio la Abrams haina uhakika wa kuwamo ndani ya moshi huo.

Mji huu una historia inayotufundisha juu ya jambo hilohilo. Mgodi wa Shinkolobwe ni jirani yetu. Jiwe lake la urani liligunduliwa 1915, na kuanzia 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kilitoa radiamu kutoka katika jiwe hilo kwa wingi kiasi kwamba machimbo ya Marekani yalishindwa biashara. Radiamu hiyo ilitiwa katika sindano ndogo, ikapimwa, ikachoma uvimbe wa saratani, na watu wakapona. Miaka hiyohiyo Marekani kulikuwa na maji yenye radiamu yaliyouzwa kwa chupa kama nguvu ya mwili. Tajiri mmoja, Eben Byers, aliyanywa kwa miaka mpaka mifupa ya taya lake ikaoza, akafa mwaka 1932. Kitu ni kilekile. Mganga wa saratani alijua anatoa kiasi gani, kwa nani, kwa muda gani, na muuza chupa hakujali. Na tuseme lililo kweli: jiwe lilitoka hapa, elimu ikajengwa kule.

Naogopa bangi isifuate njia hiyo. Zambia, iliyo ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, ilipitisha sheria yake ya bangi mwaka 2021. Rwanda mwaka huohuo iliruhusu kuilima kwa ajili ya kuuza nje, huku kuivuta kukibaki kosa. Lesotho ilitangulia mwaka 2017. Mwenye mashamba na fedha atakuja na kwetu, atazungumza juu ya ajira, na mavuno yatapanda ndege kama magunia ya kobalti yanavyopanda lori. Siwapingi wakulima. Nasema kwamba shamba bila maabara ni mgodi mwingine tu.

Sheria ya dunia haituzuii kutafiti. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 uliacha wazi tangu mwanzo matumizi ya tiba na ya sayansi. Tarehe 2 Desemba 2020, huko Vienna, kura 27 dhidi ya 25 ziliiondoa bangi katika orodha ya vitu vyenye masharti makali kuliko vyote, ingawa bado iko chini ya udhibiti. Kinachokosekana kwetu ni kibali cha Kinshasa, na kibali huombwa na watu wenye mpango mkononi.

Mpango huo hauhitaji kuanza na wagonjwa, na mimi ningekataa uanze na wagonjwa. Uanze na bangi ambayo tayari imekamatwa. Parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, na mahakama huteketeza magunia. Kabla ya moto, mganga aliyekula kiapo achukue gramu chache kutoka kila gunia, aandike lilikotoka, na kuzifunga mbele ya hakimu. Vipimwe vitu viwili. Cha kwanza, THC na CBD, ili tujue kwa mara ya kwanza mmea wa Katanga una nini. Cha pili, risasi, kadimiamu, kobalti na shaba. Kwa hicho cha pili hatuhitaji kumwita mgeni: katika mji huu kuna wakemia ambao wao, na baba zao, na babu zao, wamepima metali Shituru tangu kiwanda kilipoanza mwaka 1929. Wanajua kusoma sehemu moja kati ya milioni. Chuo Kikuu cha Likasi kina vijana wanaotafuta kazi ya kuandikia shahada zao, na Lubumbashi kuna kamati ya maadili ya kuukagua utaratibu.

Matokeo yachapishwe kwa Kifaransa kwa ajili ya majarida, na kwa Kiswahili kwa ajili ya vituo vya afya, gunia kwa gunia, wilaya kwa wilaya. Sehemu ya fedha zitakazoombwa itengewe haidroksiurea ya watoto walioandikishwa wenye SS, wasiendelee kungoja mmea wakati dawa yao ipo. Nimekwisha kuandika kurasa za kwanza za ombi hilo. Zimebaki mezani pale mlangoni, na wakemia waliomo humu ndani nawaomba wazisome kwanza wao, kwa kuwa sehemu ya metali nimeiacha tupu waijaze.